Asiyejua Auzacho, Je, Ana Kosa?

Katika masoko yetu twaona kila siku jambo moja. Mama amembeba mtoto mgongoni. Mtoto ana homa. Mama anasimama mbele ya meza ya mwuza dawa. Juu ya meza kuna vidonge vya kila rangi. Mama anataja ugonjwa, mwuzaji anahesabu vidonge sita, anavifunga katika kipande cha karatasi, anapokea franka zake. Yote yamekwisha kwa dakika moja.

Mama hajui kilichomo ndani ya kidonge. Tena, hata mwuzaji hajui. Yeye alinunua kwa mwenye duka kubwa, huyo naye kwa mfanyabiashara wa mpakani, naye kwa mwingine wa ng'ambo. Kila mmoja ameona kartoni na kusoma jina lililoandikwa juu yake. Hakuna aliyeona ndani.

Basi, ikiwa kidonge ni cha uongo na mtoto akafa, nani mwenye kosa? Wengi hujibu upesi: «Ni yule aliyekitengeneza kwa hila. Sisi wengine hatukujua, na asiyejua hana kosa.» Neno hilo twataka kulichungua leo pamoja nanyi. Si swali la wenye elimu peke yao. Linamgusa kila mtu anunuaye, auzaye, au atoaye dawa kwa mgonjwa.

YALIYOTOKEA ITURI

Wengine watasema: hayo ni mambo ya kuwaza tu. La, sivyo. Mwezi wa Desemba 2014, katika nchi ya Ituri, kaskazini-mashariki ya Kongo yetu, wagonjwa walianza kuletwa hospitalini wenye shingo zilizokakamaa na nyuso zilizopinda. Wengi wao walikuwa watoto. Waganga walidhani kwanza kwamba ni meninjiti, ule ugonjwa wa kutisha wa utando wa ubongo. Lakini haikuwa meninjiti. Mambo hayo yaliendelea mpaka mwezi wa Agosti 2015. Watu zaidi ya 1000 walilazwa, na wengine wao walikufa.

Mwishowe vidonge walivyomeza vilipimwa. Juu yake viliitwa diazepamu, yaani dawa ya kutuliza. Ndani yake mlikuwa haloperidoli. Nayo haloperidoli si sumu ya mchawi. Ni dawa ya kweli, ipewayo watu wenye ugonjwa wa akili kwa kipimo cha mganga. Lakini mtoto akiimeza bila kipimo, misuli ya shingo na ya uso hukakamaa. Kumbe, watoto hao hawakuangushwa na ugonjwa. Waliangushwa na jina la uongo.

Wala si Ituri peke yake. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani, ambalo sisi twaliita OMS, lilitangaza kwamba katika nchi zenye mapato madogo na ya katikati, dawa moja katika kila kumi hivi haifai: ama ni ya uongo kabisa, ama imepungukiwa na kipimo chake.

Je, watu wa Ituri wangejuaje? Wazee hutuambia: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Lakini kidonge hakina mlango. Ukikivunja, waona unga mweupe. Unga wa dawa ni mweupe, unga wa chokaa ni mweupe, unga wa muhogo ni mweupe. Jicho halitofautishi.

NURU IPITAYO NDANI

Kwa miaka mingi njia ya kujua ilikuwa moja: kukipeleka kidonge kwenye laboratwari, yaani nyumba ya kupimia dawa, kukisaga, kukiyeyusha katika maji makali na kukipima. Njia hiyo ni nzuri nayo yatumika hata leo. Lakini ni ya polepole, yataka wataalamu, na kidonge kilichopimwa kimekwisha haribika. Umepima kumi, umepoteza kumi. Na vile elfu vilivyobaki katika kartoni hukuviona.

Siku hizi iko njia nyingine, na asili yake ni mtu mmoja wa Uhindi. Chandrasekhara Venkata Raman alizaliwa mwaka 1888 karibu na mji wa Tiruchirappalli, kusini ya nchi hiyo. Tangu mwaka 1907 alikuwa karani mkubwa wa hesabu za serikali. Asubuhi kabla ya kazi, na jioni baada ya kazi, alikwenda kuchungua mambo ya sauti na nuru katika nyumba ya elimu pale Calcutta. Mwaka 1921 alisafiri kwa meli kwenda Ulaya, akaona bahari ya Mediterania jinsi ilivyo ya samawati. Wenye elimu walikuwa wamefundisha kwamba bahari yaonyesha tu rangi ya mbingu, kama kioo. Raman hakuridhika. Alichungua, akaona kwamba maji yenyewe hutawanya nuru. Akaendelea na kazi hiyo pamoja na mwanafunzi wake Krishnan, na tarehe 28 Februari 1928 walipata walichokitafuta. Mwaka 1930 Raman alipewa tuzo ya Nobel. Hakuwa Mkristu, lakini alitafuta ukweli wa viumbe kwa uaminifu, na ukweli wote watoka kwa Mungu mmoja.

Aliona nini? Ukitupa nuru ya rangi moja juu ya kitu, karibu yote hurudi na rangi ile ile. Lakini sehemu ndogo sana, kama moja katika milioni kumi, hurudi imebadilika rangi. Kwa nini? Kwa sababu vitu vyote vimeundwa kwa chembe zilizoshikamana, nazo zatetemeka daima. Nuru ikigusana na mtetemeko huo, huacha kidogo cha nguvu yake au huchukua kidogo. Na kila kitu chatetemeka kwa namna yake. Diazepamu haitetemeki kama haloperidoli, wala chokaa haitetemeki kama sukari. Ile nuru iliyobadilika ni kama alama ya kidole: kila kitu na yake.

Zamani za Raman ilimpasa mtu kungoja saa nyingi ili nuru hiyo dhaifu iandikwe katika picha. Mwaka 1960 ilipatikana nuru ya leza, yenye nguvu na rangi moja safi, na kazi ikawa nyepesi.

Lakini likabaki tatizo moja, nalo ndilo linalotuhusu. Kidonge hakipitishi nuru kama kioo. Mashini za kwanza zilimulika mahali pamoja na kupokea nuru iliyorudi pale pale. Basi zilisoma zaidi ngozi ya kidonge: rangi yake, sukari iliyopakwa juu, ganda la kapsuli. Hata mashini ilidanganywa na mlango wa nyumba!

Hata hivyo, kitu kisichopitisha nuru wazi hakiizuii nuru yote. Mtoto akishika tochi usiku na kuifunika kwa kiganja, ataona vidole vyake vyang'aa vyekundu. Kidonge nacho ni unga ulioshindiliwa. Nuru ikiingia humo hugonga punje moja, hurudishwa, hugonga nyingine, kama mtu aliyepotea katika soko lililojaa, asukumwaye huku na huku, hata atokee upande asioutazamia. Nuru hiyo iliyotangatanga ndiyo yenye habari za ndani.

Mwaka 2005 Pavel Matousek na wenzake, katika laboratwari ya Rutherford Appleton kule Uingereza, walionyesha njia hii: mulika hapa, lakini pokea nuru kando, milimita chache kutoka pale ulipomulika. Nuru itokeayo kando imepita chini zaidi. Ukiondoa habari za juu, zabaki habari za ndani. Hivyo wapima dawa iliyo ndani ya chupa nyeupe ya plastiki bila kuifungua. Mwaka 2006 walionyesha faida ya njia ya pili: mulika kidonge upande mmoja, pokea nuru upande wa pili. Nuru hiyo imepita katika mwili wote wa kidonge; kwa hiyo hutaja si jina la dawa tu, bali na kiasi chake. Kazi hiyo yaweza kwisha kwa nusu dakika au chini, na kidonge chabaki kizima, mgonjwa aweza kukimeza.

Tusiisifu mno. Nuru hiyo haipiti katika madini, kwa hiyo vidonge vilivyofungwa pande zote kwa karatasi ya alumini vyaizuia. Vitu vyeusi huimeza. Dawa iliyo kidogo sana ndani ya kidonge hufichwa na unga mwingine. Tena mashini haijui kitu yenyewe: yalinganisha tu. Isipopewa kwanza alama ya dawa ya kweli, haiwezi kuitambua ya uongo.

MAFUNDISHO YA MTAKATIFU TOMA

Sasa turudi kwenye swali letu. Mtakatifu Toma wa Akwino, Mwalimu wa Eklezia aliyefariki mwaka 1274, hakujua leza wala kapsuli. Lakini katika kitabu chake kikubwa cha Teolojia aliuliza: je, ni halali kuuza kitu chenye kasoro? Alijibu kwamba kasoro ni za namna tatu. Ya kwanza ni ya kitu chenyewe: umeuza kitu kimoja kwa jina la kingine. Ya pili ni ya kipimo: umeuza pungufu. Ya tatu ni ya hali: kwa mfano, umeuza mnyama mgonjwa kana kwamba ni mzima.

Tazameni jinsi maneno hayo yanavyolingana na dawa. Vidonge vya Ituri vilikuwa na kasoro ya kwanza: jina moja, kitu kingine. Kidonge cha malaria chenye nusu ya dawa kina kasoro ya pili. Na kasoro ya tatu? Mwaka 1998 dawa ya sida iitwayo ritonavir iliingia taabuni. Haikuwa ya uongo, wala haikupungua kipimo. Lakini chembe zake zilikuwa zimejipanga kwa namna mpya isiyojulikana, na dawa haikuyeyuka tena vizuri. Kapsuli zile zikaondolewa sokoni mpaka zilipotengenezwa kwa njia nyingine. Kitu kile kile, hali nyingine. Nuru ya Raman, panapo dawa ya kutosha ndani ya kidonge, yaweza kutambua kasoro hizo zote tatu.

Tena Mtakatifu Toma atofautisha kasoro iliyo wazi na iliyofichika. Anayeuza farasi mwenye jicho moja halazimiki kuipigia kelele kasoro hiyo: mnunuzi ana macho. Lakini kasoro iliyofichika, iletayo hasara au hatari, muuzaji hana budi kuitangaza. Basi kasoro za dawa karibu zote zimefichika. Hakuna mama awezaye kuziona. Kwa hiyo mwenye kuuza dawa amebeba mzigo mzito kuliko mwenye kuuza mbuzi.

Na kama muuzaji mwenyewe hakujua? Mtakatifu Toma ajibu kwa haki: hakutenda dhambi. Tendo lenyewe lina kasoro, lakini moyo wake hauna hila. Hata hivyo, siku atakapojua, yampasa kumlipa mnunuzi hasara yake. Hapo ndipo wengi wetu tunapojikwaa. Twapenda sehemu ya kwanza ya jibu, twasahau ya pili.

WAUZAJI WATATU

Tuseme kuna wauzaji watatu, wote wameuza vidonge vya uongo kutoka kartoni moja.

Wa kwanza alijua. Huyo hatuna haja ya kumjadili. Amevunja amri ya saba, na ya tano pia.

Wa pili hakujua. Lakini aliona kwamba bei ilikuwa chini mno. Aliona jina limeandikwa kwa makosa, na tarehe imefutwa. Moyo wake ulisema: uliza. Yeye akajibu: nikiuliza nitajua, na nikijua sitaweza kuuza. Akanyamaza. Je, huyu ana haki ya kusema «Sikujua»? Hapana. Kutojua kwake alikutaka mwenyewe. Alikifunga kidirisha ili nuru isiingie. Eklezia hufundisha kwamba kutojua kwa namna hiyo hakumwondolei mtu kosa. Kwaweza hata kulizidisha.

Wa tatu hakujua pia. Yeye alinunua mahali panapojulikana, aliomba karatasi za ushuhuda, aliangalia tarehe, alilinganisha kartoni hii na ile ya zamani. Yote aliyoweza aliyafanya. Huyu mikono yake ni safi. Asijitese moyo. Lakini akiletewa habari kwamba vidonge vile ni vya uongo, atafanya nini? Kama ni Mkristu kweli, atavitoa mezani siku ile ile, atawatafuta walionunua, atawarudishia fedha, na kuwapeleka wagonjwa kwa mganga. Ikiwa atamalizia kwanza kartoni iliyobaki, tangu saa ile amekuwa ndugu ya yule wa kwanza.

CHOMBO KIPYA, WAJIBU MPYA

Hapa twafika kwenye kiini. Miaka hamsini iliyopita karibu wote waliopokea dawa kutoka mbali waliweza kusema: hatuna njia ya kuona ndani bila kuharibu. Leo njia ipo. Je, chombo kipya chaleta wajibu mpya?

Twasema: ndiyo, lakini kwa kila mtu kadiri ya uwezo wake. Bwana wetu Yezu Kristu alitufundisha kwamba aliyekabidhiwa mali nyingi atatolewa hesabu kubwa. Mashini hizi ni za bei kubwa. Hatuwezi kumwambia mwuza dawa wa kijijini: nunua leza, au utatenda dhambi. Hilo lingekuwa kumtwika mzigo ambao sisi wenyewe hatuubebi. Wajibu wake ni ule wa muuzaji wa tatu.

Lakini serikali ipokeayo makartoni mpakani, mfanyabiashara aletaye dawa kwa magari, shirika au jimbo linunulialo dispanseri nyingi, hao wana uwezo ama wa kununua chombo, ama wa kukitumia pamoja, ama wa kupeleka vidonge vichache kwa wenye nacho. Wakisema «Hatukujua», tutawauliza: hamkuweza, au hamkutaka? Akipata fedha ya gari jipya na kukosa ya kupimia dawa, mkubwa huyo anafanana na muuzaji wa pili, hata kama amevaa tai.

Liko swali gumu zaidi, wala hatutalikwepa. Sista yuko katika dispanseri ya mbali. Ana kartoni moja ya dawa ya malaria, naye ana mashaka nayo. Hakuna nyingine. Mbele yake mtoto awaka moto. Afanye nini?

Kama hajui kabisa kilichomo ndani, kuitoa ni kucheza kamari na uhai wa mtu mwingine. Ituri imetuonyesha: kisichojulikana si lazima kiwe chokaa tu, chaweza kuwa kitu kiumizacho. Kama dawa imepimwa ikaonekana ni ya kweli lakini pungufu, madhara ni mawili: mtoto hatapona, na vijidudu vya malaria hujifunza kuishinda dawa, hata kesho dawa nzuri isiwafae watoto wa jirani. Kwa hiyo asiitoe kana kwamba ni dawa kamili. Awaambie wazazi kweli, na kumpeleka mtoto mahali penye dawa ya hakika, upesi, hata kwa baiskeli, hata usiku. Twajua kwamba pengine njia haipitiki, na mtoto hatafika. Hapo Sista atalia, lakini dhamiri yake haitamshitaki. Itawashitaki wale waliokuwa na uwezo wa kupima, wakaiacha kartoni ile ipite mpaka mikononi mwake.

KASORO YA KITU NA KOSA LA MTU

Tumalize kwa onyo. Nuru hii husoma kidonge, haisomi moyo. Ikionyesha kwamba dawa ni ya uongo, haijaonyesha bado kwamba aliyeiuza ni mwuaji. Huenda ni muuzaji wa pili, huenda ni wa tatu. Nabii Samweli alipoingia nyumbani kwa Yese alimwona mwana wa kwanza, mrefu na mzuri wa sura, akadhani ndiye mfalme. Mungu akamfundisha kwamba kipimo Chake ni cha moyoni. Basi habari ikija sokoni kwamba dawa ya fulani imepatikana na kasoro, tusikimbilie kubomoa meza yake na kumpiga. Tumwulize: ulinunua wapi? ulijua nini? na sasa utafanya nini?

Nasi tujiulize vivyo hivyo. Kila mmoja wetu ana jambo asilotaka kulijua: fedha aliyoleta mtoto nyumbani ilitoka wapi, mzani wa dukani umesimama sawa au la, bei hii ndogo imelipwa na nani. Tukipiga magoti jioni kuchungua dhamiri, tusiseme tu: «Nilijua nini, nikakosa?» Tuseme pia: «Nilikataa kujua nini?»

Na yule mama wa sokoni? Ndugu yangu mwuza dawa, kesho atasimama tena mbele ya meza yako. Yeye hana leza, hana laboratwari, hana ila franka zake na imani yake kwako. Usimpe kitu ambacho wewe mwenyewe ungeogopa kumpa mtoto wako.